Kivuli, Maji na Daftari
Hotuba ya Katibu juu ya Ukuzaji wa Mimea Myororo Mjini



Katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ni desturi kuhesabu yaliyotendeka. Hesabu hizo mmekwisha kuzisikia kutoka kwa Mweka Hazina, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Tumepewa nafasi hii tuseme juu ya kazi yenyewe, na katika kazi zetu nyingi tumechagua ile ionekanayo ndogo kuliko zote, yaani kukuza mimea myororo chini ya kivuli na ndani ya nyumba. Twaichagua kwa sababu moja. Mkutano Mkuu ujao utaombwa kuamua fedha za akiba zijenge nyumba ya namna gani kwa ajili ya miche yetu. Uamuzi huo ukifanywa bila kuielewa kazi, akiba ya miaka kumi yaweza kuyeyuka katika kiangazi kimoja.

Mmea mwororo ni upi? Ni ule usioweza kustahimili hali ya mahali ulipowekwa pasipo msaada wa mkulima. Basi unyonge wake haumo katika mmea peke yake, bali umo pia katika mahali. Mgomba ni mti wa kawaida Rufiji na Bukoba. Upelekwe London, utakufa katika baridi kali ya kwanza. Kadhalika saladi huota Lushoto bila taabu, lakini hapa Dar es Salaam, ikipandwa juani, saa sita za mchana huiona imelala chini kama mgonjwa wa homa. Kila nchi ina mimea yake myororo, kwa kuwa kila nchi ina adui wake.

Adui wa watu wa Ulaya ni baridi, nao walijenga nyumba kwa kumtazama adui huyo. Katika bustani ya Kew, London, nyumba kubwa ya chuma na kioo ilijengwa kati ya 1844 na 1848 kwa ajili ya minazi, michikichi na jamaa zake. Kioo huuruhusu mwanga wa jua uingie, na joto likiisha kuwamo ndani halitoki upesi. Kabla ya hapo, yapata 1829, daktari mmoja wa mji huo huo, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mmea uliofungiwa ndani ya chombo cha kioo huutumia upya unyevu wake mwenyewe. Baadaye makasha ya namna hiyo yalibeba miche kwa merikebu kutoka bara hadi bara. Hapana shaka hizo zilikuwa akili kubwa. Lakini zilikuwa akili za kumshinda adui wao.

Adui zetu sisi ni wengine. Kuanzia Januari hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, joto la mchana katika mji huu hufika digrii 32 hivi, nalo ni joto lililopimwa kivulini. Usiku wa Julai, ulio wa baridi kuliko nyakati nyingine, hushuka hata digrii 19 au karibu na hapo. Hakuna usiku hata mmoja katika mwaka mzima uuao mmea kwa baridi katika Dar es Salaam. Yauayo ni jua kali la mchana, upepo mkavu, mvua nzito ya masika ipigayo miche michanga kama fimbo, na maji ya chumvi yatokayo katika visima vingi vilivyo karibu na bahari. Basi tukijenga nyumba ya plastiki iliyofungwa pande zote, tutakuwa tumejenga tanuri. Ndugu zetu wa Njombe na Lushoto wana haki ya kuitumia nyumba hiyo, kwa kuwa wao wana baridi ya kufukuza. Nguo ya Njombe haivaliwi Kariakoo.

Atakaye kuona nyumba iwafaayo watu na mimea ya pwani, hana haja ya kwenda mbali. Soko kuu la Kariakoo lilichorwa na msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Kabla ya hapo palikuwa na soko jingine pale pale, na jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Amuli aliliezeka soko lake kwa miavuli mikubwa ya zege, iliyosimama mmoja kando ya mwingine kama miti yenye matawi mapana. Chini yake jua halipigi, hewa hupita kati, na mvua inyeshayo juu ya miavuli hiyo hukusanywa na kushushwa katika hifadhi ya maji iliyo chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya jengo hilo, lakini haukuiunguza hekima ya mchoro wake. Kivuli, hewa, na maji ya mvua yaliyowekwa akiba: hayo matatu ndiyo nyumba ya mmea mwororo katika mji huu.

Ndugu wanachama, mtu aweza kuuliza, kwani mimea ya nyumbani ni jambo la kuwashughulisha wakulima wazima? Ushirika wa nchi hii ulikulia katika kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933, nacho kilijengwa na watu wenye vihamba vidogo nyuma ya nyumba zao. Hatuoni kwa nini mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba yake Gerezani au Ilala ahesabiwe kuwa nusu mkulima. Kipimo cha zao ni mnunuzi wake, na historia yatuonyesha ya kuwa mnunuzi wa mimea hii yupo, ila wengine walimwona kabla yetu.

Tazameni mwaka 1893. Mwaka huo mambo matatu yalitokea katika nchi hii. La kwanza, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa Dar es Salaam, mahali pa kujaribia mazao ya biashara. La pili, mtaalamu wao Richard Hindorf alileta mkonge. Aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika na kuishi vilikuwa 62 tu. Hivyo 62 vilitunzwa, vikazaa, na kizazi chake kikaenea hata mwaka 1964 nchi ikavuna zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. La tatu, wakati mkonge ulipokuwa ukiingia, mmea mwingine ulikuwa umekwisha kutoka. Mtawala wa Kijerumani wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892 aliona katika nyufa za miamba yenye kivuli, huko Tanga na Usambara, kijimea cha majani yenye manyoya laini na maua ya rangi ya urujuani. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, alikiandika na kukipa jina la Saintpaulia ionantha.

Kijimea hicho kimekuwa miongoni mwa maua ya nyumbani yanayojulikana sana duniani. Katika miaka ya 1920 wakulima wa California walikizalisha na kuchagua aina mpya, na toka hapo aina zake zimekuwa maelfu. Wajerumani mpaka leo hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara. Mwaka 2015 wataalamu walilihamisha katika jamii ya Streptocarpus, lakini mnunuzi wa Berlin au Chicago hajali. Yeye huliweka dirishani na kulifurahia. Wangapi kati yetu tuliopo hapa wamepata kuliona hata mara moja? Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

Wala mfano si huo mmoja. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, tangu Kenya mpaka Afrika ya Kusini, huota mmea wenye majani ya kijani kibichi yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta, na chini ya ardhi una mizizi minene iwekayo maji kama kiazi. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na wauzaji huuita kwa herufi mbili, ZZ. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi yapata 1996, ukaenea katika ofisi na mahoteli ya dunia, kwa kuwa hustahimili kivuli kizito na kusahauliwa kumwagiwa maji. Mmea huo ni wa kwetu, udongo ni wetu, joto ni letu pasipo kulilipia. Kilichokosekana ni kupanga kazi.

Sasa tuutazame mji wetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Uani ndipo palipokuwa na kisima au bomba, na kando yake mikebe ya mrihani, mchaichai, mnanaa, shubiri na asumini. Mama zetu walisuka vikuba kwa maua ya uani, wakauza jioni, wakapata fedha ya chumvi na ya karo. Wao ndio walimu wa kwanza wa kazi hii, na walijua pasipo kuambiwa na mtu kwamba mkebe wa asumini haukai mahali jua la saa nane lipigapo. Lakini tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimezidi kubomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa. Ua umekwisha. Kila kiwanja kijengwapo mpaka mpaka wake, mkulima mmoja wa mikebe hupoteza shamba, na baadhi ya waliopatwa na hayo ni wanachama wenzetu, ambao majina yao yangali katika daftari letu na hisa zao zimo katika sanduku letu, lakini miche yao haina pa kukaa. Huo ndio uzito wa jambo hili. Tusipowapatia kivuli cha pamoja, baada ya miaka michache tutakuwa na wanachama wa karatasi tu.

Hata hivyo ghorofa lililomnyima muuzaji ua wake limemletea mnunuzi. Watu wakaao ghorofa ya sita hawana udongo, nao hutamani jani la kijani kama mtu ye yote. Wao wana roshani, dirisha, na pembe ya chumba. Basi mmea tuwauzie ule uwezao kuishi mahali hapo, tena uwe umezoezwa.

Neno hili la kuzoeza latakiwa kushikwa sana. Jani lililokulia juani hujengwa kwa ajili ya jua. Ukiuingiza mmea wake chumbani ghafula, hupukutisha majani katika juma la pili, na mnunuzi husema amedanganywa. Mahali pengi mjini mimea huuzwa hivyo, ikitolewa barabarani kwenye jua na kukabidhiwa mteja siku hiyo hiyo. Sisi tuwe na kanuni yetu. Mmea wa chumbani ukae kwanza chini ya neti ipunguzayo nusu ya jua, kisha majuma mawili au matatu katika kivuli kizito zaidi, huku maji yakipunguzwa kidogo kidogo, ndipo uuzwe. Samaki hukunjwa angali mbichi. Na mmea hufundishwa kivuli ungali kwa mkulima.

Juu ya udongo, twashauri usiwe mzito. Mchanganyiko wa udongo wa juu wa shamba, samadi iliyooza barabara, na usumba wa makumbi ya nazi hushika maji bila kutuamisha. Usumba uoshwe kwanza kwa maji matamu mara mbili au tatu, maana makumbi yaliyolowekwa pwani huwa na chumvi. Kila kopo na kila kiriba kiwe na matundu chini. Mizizi iliyozama majini huoza, na mkulima asiyejua hudhani mmea una kiu, akauongezea maji, akaumaliza.

Ua la Usambara lina masharti yake. Lipate mwanga mwingi lakini si jua lenyewe. Limwagiwe maji chini, si juu ya majani, kwa kuwa matone ya maji baridi huacha madoa yasiyotoka. Lisiwekwe mbele ya kiyoyozi. Huzalishwa kwa jani moja lililokatwa pamoja na kikonyo chake na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu. Baada ya majuma kadhaa hutoa mizizi, kisha vitoto hutokeza shinani. Joto la kaskazi huliudhi, hivyo tusiahidi kulijaza kila roshani. Lakini lianze kujaribiwa, kwa uchache, mahali penye baridi zaidi ya nyumba. Ule mmea wa ZZ, kwa upande wake, hauna makuu. Kijani chake kimoja kikichomekwa hutoa mzizi na kiazi, ila kwa miezi mingi, na mwenye haraka haufai. Mnunuzi aambiwe pia kwamba utomvu wake huwasha kinywa, usiwekwe mahali mtoto atambaapo.

Twatoa na onyo. Mimea hii ising'olewe porini. Ua la Usambara limebaki katika sehemu chache, na baadhi yake zimo hatarini kwa sababu ya kukatwa misitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ni kati ya mahali pachache panapolilinda. Mtu aendaye kuchimba mwambani kwa ajili ya kuuza kikopo kimoja huiba mbegu ya watoto wake. Jani moja lililopatikana kwa njia halali latosha kuanzisha kitalu kizima. Huo ndio uzuri wa kazi hii.

Sasa maji. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja kamili. Mji huu hupata milimita 1,000 na ziada kwa mwaka wa kawaida. Paa la meta za mraba 100 hupokea basi lita 100,000. Tukitoa robo kwa yanayomwagika na kukauka, zabaki lita 75,000 za maji matamu yasiyo na bili. Makopo 2,000, kila moja likinywa robo lita kwa siku, hutaka lita 500. Tangu mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Septemba ni siku 122, nazo hudai lita 61,000. Maana yake ni kwamba paa moja la kiasi hicho laweza kuvusha makopo 2,000 katika kiangazi chote, mradi tuwe na matangi ya kuyaweka maji hayo. Nayo ni matangi kumi na mawili ya lita 5,000, na zaidi kidogo. Ni mwanachama yupi wa Mtaa wa Swahili au Narung'ombe mwenye nafasi ya matangi kumi na mawili? Hayupo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa ndipo ushirika uonyeshapo kazi yake.

Jambo la mwisho ni daftari. Tumewakumbusha habari za mkonge, vitoto 1,000 vilivyobaki 62. Twaijua habari hiyo mpaka leo kwa sababu mtu alihesabu vilivyotoka na vilivyofika. Sisi katika vitalu vyetu twajua tumeuza mingapi, lakini iliyokufa hatuiandiki, kama kwamba kuiandika ni aibu. Si aibu. Mche uliokufa bila kuandikwa utakufa tena mwakani kwa ugonjwa ule ule. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila kitalu kiandike tarehe ya kupanda, idadi iliyochipua, iliyokufa, na sababu iliyodhaniwa. Kwa daftari la namna hiyo mwanachama wa Buguruni ataweza kumfundisha wa Mabibo bila hata wao kuonana.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mapendekezo matatu mbele ya wanachama, ili wayatafakari kabla ya Mkutano Mkuu. Kwanza, fedha za akiba zijenge banda la kivuli, lenye paa la kukusanya mvua upande mmoja na neti upande wa pili, pande zikiwa wazi kwa hewa, wala si nyumba ya plastiki iliyofungwa. Pili, nafasi za kwanza katika banda hilo wapewe wanachama waliopoteza nyua zao, kila mmoja kwa idadi ya makopo atakayopangiwa na Kamati. Tatu, kila mmea utakaotoka kwa jina la Umoja wetu ufuatane na kijikaratasi cha Kiswahili chepesi kimwambiacho mnunuzi mwanga utakiwao, maji yatakiwayo, na hatari kama ipo.

Wako watakaosema kwamba nyumba ya plastiki yapendeza zaidi katika picha, na kwamba wageni wangeisifu. Huenda ni kweli. Lakini miche haisomi magazeti. Husoma jua, upepo na maji, na hutoa jibu lake kwa majani. Yafaa tuwasikilize wale watakaoishi ndani ya nyumba hiyo, nao ni mimea, na wale watakaokula kwa kazi hiyo, nao ni wanachama.

Wazee wetu walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Sisi tumechuma juani miaka kumi, na kivuli tunachokiomba si cha kupumzikia, ni cha kuchumia tena. Ofisi yetu iko wazi kila siku ya kazi kwa mwanachama ye yote atakaye kuziona hesabu hizi au kuzipinga.

 Ushirika wetu na udumu.